Barua ya wazi kwa Msimamizi Mkuu wa Shule: alama ya Kiingereza haisemi mtoto anajua nini

Mheshimiwa Msimamizi Mkuu,

Sisi ni wakalimani wa Kiswahili na walimu wa wanafunzi wanaojifunza Kiingereza katika shule za umma hapa Marekani. Barua hii tumeiandika kwa Kiswahili ili wazazi wa watoto tunaowazungumzia waisome kwanza. Ofisi yako ina bajeti ya tafsiri; wao hawana.

Hoja yetu ni moja. Wilaya inapima Kiingereza cha mtoto, kisha kwa kipimo hicho hicho inaamua mambo ambayo hakikuyapima: aingie darasa gani la hisabati, apewe vitabu vya umri gani, na wakati mwingine hata kama ana ulemavu wa kujifunza. Kosa hilo huzaliwa kwenye meza ya uandikishaji, na likishaingia kwenye kompyuta hufuatana na mtoto miaka mingi.

Na sheria hatuna ugomvi. Mwaka 1974, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols, Mahakama ya Juu ilishasema kwamba kumpa mtoto mwalimu na kitabu sawa na wenzake, hali haelewi lugha ya kitabu hicho, si usawa. Mwaka 1981 kesi ya Castañeda dhidi ya Pickard ikaacha maswali matatu ambayo kila wilaya huulizwa: je, programu yenu imejengwa juu ya nadharia inayokubalika na wataalamu, je, mmeipa walimu na vifaa vya kutosha, na je, baada ya muda inaleta matokeo? Sheria ya ESSA ya mwaka 2015, sheria ya shirikisho ya elimu ya msingi na sekondari, nayo inataka mtoto anayedhaniwa kuhitaji msaada apimwe ndani ya siku 30 tangu aandikishwe. Muda huo wilaya inautimiza. Tatizo liko katika kile kinachofanyika ndani ya siku hizo.

Tuanze na dodoso la lugha ya nyumbani. Maswali yake ya kawaida ni matatu: mtoto alianza kusema lugha gani, hutumia lugha gani zaidi, na nyumbani kwenu mnasema lugha gani. Mzazi akiandika Kiingereza kote, mtoto hapimwi, basi. Wapo wanaoandika hivyo kwa sababu wanadhani fomu inauliza kama familia inastahili kukaa nchini, na wapo wanaoogopa mwanao atatengwa na wenzake. Karani angesema sentensi mbili kabla ya kutoa kalamu, hofu hiyo ingepungua: fomu hii ni ya kuamua msaada wa masomo tu, haihusiani na uhamiaji. Ziandikwe, zirekodiwe kwa sauti, zisikilizwe na kila mzazi. Wengine hawasomi lugha yoyote, na karatasi iliyotafsiriwa vizuri haiwasaidii kitu.

Kosa la pili la fomu ni kinyume cha hilo: kila familia inayotoka Kongo huandikiwa "Kiswahili". Mtoto kutoka Kivu Kusini huenda nyumbani anasema Kibembe, Kifuliiru au Kinyamulenge, na Kiswahili alikijulia sokoni au kambini. Baadhi ya Wabantu wa Somalia huandikiwa Kisomali ilhali lugha ya nyumbani ni Kizigua. Mtoto kama huyo akiletewa mkalimani wa Kiswahili sanifu, akajibu kwa maneno machache, shule huandika kwamba "lugha yake ya kwanza ni dhaifu". Dhaifu ni fomu. Iwekewe nafasi ya lugha zaidi ya moja, na kwa kila lugha kuwe na visanduku vinne: anaielewa, anaisema, anaisoma, anaiandika.

Hapa ndipo tunapoomba mabadiliko makubwa kuliko yote: mahojiano ya kielimu, kwa lugha ya mtoto, kabla ya ratiba ya masomo kuchapwa. Kwa sasa karani huuliza "ulikuwa darasa la ngapi" na kuandika namba. Namba hiyo peke yake haina maana. Anayesema "la tano" huenda ni la tano la msingi, au la tano la sekondari kwa hesabu ya zamani ya Kongo, na kati ya hayo mawili kuna miaka sita. Ulizeni shule ilikuwa wapi na ilifundisha kwa lugha gani. Aliyesoma katika kambi ya Kakuma alifuata mtaala wa Kenya, kwa hiyo huenda anasoma Kiingereza vizuri ingawa anakiogopa kukisema. Mkongomani aliyesoma katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, Tanzania, alifuata mtaala wa Kongo na daftari zake ni za Kifaransa. Hao wawili wote ni "wakimbizi wanaosema Kiswahili", na kwa ratiba ya sasa huketishwa benchi moja kujifunza herufi. Ulizeni pia ni miaka gani hakwenda shule na kwa nini, maana mwenye pengo la miaka mitatu anahitaji kitu tofauti na aliyesoma bila kukatika.

Mkiwa hapo hapo, angalieni tarehe ya kuzaliwa. Wakimbizi wengi wameandikishwa tarehe 1 Januari kwa sababu siku halisi haikujulikana, na mwaka nao mara nyingine ulikisiwa. Vyeti vingine huanza na siku ndipo mwezi, hivyo 03/04 ni tarehe 3 Aprili, wala si 4 Machi. Majina nayo: Mkongomani anaweza kuwa na majina matatu, na ndugu wa baba mmoja mama mmoja wasishiriki hata moja. Karani akigeuza mpangilio, mfumo huunda mwanafunzi mpya, matokeo ya mtihani wa mwaka jana hupotea, na mtoto hupimwa upya kana kwamba ameshuka jana uwanja wa ndege.

Baada ya mazungumzo, ongezeni kipimo kifupi cha nusu saa. Mpeni mtoto aya ya maneno kama mia katika lugha aliyosomea, Kiswahili au Kifaransa, asome kwa sauti dakika moja, kisha ajibu maswali matatu ya kuelewa. Aandike sentensi tano juu ya jambo lolote. Halafu ukurasa mmoja wa hesabu usio na maneno: matendo manne, sehemu, desimali, mlinganyo mmoja rahisi. Anayesahihisha ajue mambo mawili. Shule zenye mfumo wa Kifaransa hutumia mkato pale ninyi mnapoweka nukta ya desimali. Na katika kugawanya, namba inayogawanya hukaa kulia, si kushoto. Tumeona karatasi za hesabu sahihi tupu zikiwekewa alama nyekundu ya X kwa sababu hiyo.

Faida yake ni ya moja kwa moja. Kijana wa miaka 15 anayesoma Kiswahili hahitaji kufundishwa kusoma. Anajua tayari kwamba herufi hubeba sauti. Anachohitaji ni kuonyeshwa pale tahajia ya Kiingereza inapomsaliti, hasa vokali, kwani Kiswahili kina vokali tano zisizobadilika. Asiyesoma lugha yoyote anahitaji kufundishwa kusoma kwa hatua, na mwalimu anayejua kazi hiyo kwa vijana, si vitabu vya picha vya watoto wa chekechea. Kuwaweka pamoja ni kuwapotezea wote wawili mwaka.

Kuhusu mtihani wenyewe wa kuingilia, jimbo letu linatumia WIDA Screener, na hatuupingi. Unapima kusikiliza, kusema, kusoma na kuandika, na viwango vyake ni kuanzia 1 hadi 6. Tunachopinga ni mazingira yake. Mtoto ambaye hajawahi kushika kipanya cha kompyuta huvalishwa vipokea sauti, huambiwa aongee na skrini, na ukimya wake huhesabiwa kuwa hajui Kiingereza. Mazoezi ya kifaa yafanyike siku moja kabla, na kwa asiyejua kompyuta kabisa litumike toleo la karatasi. Maelekezo ya utaratibu yaruhusiwe kutolewa kwa lugha yake pale mwongozo wa mtihani unapokubali. Maswali yenyewe, hapana.

Sasa msaada. Wilaya hupeleka mwalimu wa Kiingereza darasani au humtoa mtoto nje kwa kipindi kimoja, kisha saa nyingine zote anabaki na mwalimu wa sayansi ambaye hakuambiwa lolote. Barua pepe yenye neno "kiwango cha 2" haimsaidii mwalimu huyo. Anahitaji kujua kwamba mtoto wa kiwango cha 2 anaweza kutaja na kulinganisha kwa vifungu vifupi akipewa mchoro na orodha ya maneno, lakini hataweza kuandika ripoti ya jaribio peke yake. Mwalimu akilijua hilo, humpa sentensi zenye mapengo ajaze, humwomba aonyeshe jibu kwa mchoro, na humpima sayansi badala ya kumpima Kiingereza mara ya pili. Walimu wapewe muda wa kupanga pamoja kila wiki, ulioandikwa kwenye ratiba. Usipoandikwa, haupo.

Kamusi za Kiswahili mlizonunua tunazishukuru, ila nyingi zinalala kabatini. Anayejua Kiswahili cha mdomo tu hawezi kuzitumia. Hata anayesoma, akikuta "tunavyovitumia" au "vitabu" hajui pa kutafuta hadi afundishwe kurudi kwenye "tumia" na "kitabu". Vipindi viwili vya mazoezi vinatosha. Vifanyike kabla ya mitihani ya jimbo, si asubuhi ya mtihani.

Wazazi wana haki ya kukataa huduma hizi. Kinachotutia shaka ni jinsi wanavyokataa: mzazi husaini karatasi akidhani anathibitisha mahudhurio. Aelezwe kwamba akikataa, mwanawe bado atahesabiwa kuwa mwanafunzi anayejifunza Kiingereza na bado atafanya ACCESS, mtihani wa kupima Kiingereza chake, kila mwaka. Aelezwe na mkalimani mtu mzima, aliyefunzwa. Mtoto asimkalimanie mama yake, na kaka yake wa darasa la nane pia asitumwe. Mnapoagiza mkalimani wa simu, tajeni kwamba ni Kiswahili cha Kongo, na hakikisheni saa za miadi: "saa mbili asubuhi" ni 8:00, na wakalimani wasio na uzoefu wamewaleta wazazi shuleni saa sita mapema au saa sita baadaye, kisha shule ikaandika kwamba familia haishirikiani nayo.

Juu ya elimu maalumu tutasema wazi, kwa sababu makosa huenda pande zote mbili. Sheria ya IDEA, sheria ya shirikisho ya elimu ya watoto wenye ulemavu, inakataza kumwandikia mtoto ulemavu ikiwa sababu kuu ni kutojua Kiingereza, na inataka apimwe kwa lugha na namna inayoonyesha kweli anachokijua. Kumpa mkalimani kitabu cha mtihani wa kisaikolojia akitafsiri papo kwa papo hakutimizi sharti hilo; swali la msamiati lililo gumu kwa Kiingereza laweza kuwa jepesi kwa Kiswahili, au kinyume chake, na hapo alama za kulinganishia zimekwisha maana. Upande wa pili ni wale wanaoambiwa wasubiri "mpaka ajue Kiingereza kwanza". Nako ni kuvunja sheria. Dalili ya kuangalia ni hii: tatizo linaonekana katika lugha zote anazozitumia, au katika Kiingereza peke yake? Muulizeni mzazi mtoto alianza kusema lini, kama hufuata maagizo ya hatua tatu nyumbani, na kama nduguze wa umri huo walikuwa hivyo. Likionekana kote, msisubiri hata wiki.

Kuhusu kutoka kwenye programu, neno dogo. Katika alama ya jumla ya ACCESS, kusoma na kuandika hubeba asilimia 35 kila kimoja, kusikiliza na kusema 15 kila kimoja. Ndiyo maana mtoto anayepiga soga kwa Kiingereza uwanjani bado anabaki kiwango cha 3, na mwalimu anashangaa. Mtafiti wa elimu ya lugha Jim Cummins alishaeleza zamani kwamba lugha ya mazungumzo huja katika miaka miwili hivi, na ile ya kitaaluma huchukua mitano au zaidi. Walimu wakuu wasiwaondolee watoto msaada kwa kuwasikia wakizungumza. Na wasijumlishe viwango vinne wakagawanya wenyewe. Alama ya jumla hukokotolewa kwa alama za mizani ya mtihani (scale scores), si kwa viwango.

Tunachoomba kabla ya uandikishaji wa mwaka ujao wa masomo ni fomu ya lugha iliyorekebishwa, mahojiano ya kielimu kwa lugha ya mtoto pamoja na kipimo cha nusu saa, na ukurasa mmoja wa matokeo unaomfikia kila mwalimu wa mtoto huyo, hata wa michezo. Maswali ya mahojiano na aya za kusoma, za Kiswahili na Kifaransa, tuko tayari kuziandaa na kuwafunza makarani. Mkurugenzi wako wa huduma za lugha akitaja siku, tutafika na rasimu mkononi.

Wako,

Wakalimani wa Kiswahili na walimu wa wanafunzi wanaojifunza Kiingereza