Karakana imekwisha kujengwa, sasa tuitie vifaa

Kamwene ndugu zangu mliosoma shule yetu, kuanzia ninyi mlioanza kidato cha kwanza kwenye vyumba vya kuazima vya shule ya msingi hadi mliomaliza mwaka jana na bado mnasubiri pa kuanzia maisha.

Karakana ya useremala ya shule yetu imekamilika. Halmashauri imepaua, imemwaga sakafu, nyaya za umeme zimevutwa na mwalimu wa ufundi ameripoti kazini. Kiwanda kimoja cha mbao cha Mafinga kimekubali kwa maandishi kutupatia mbao za kujifunzia. Tulicho nacho sasa ni chumba kikubwa, kisafi, chenye madirisha mapana, ambacho ndani yake hakuna randa hata moja. Mwalimu anachora randa ubaoni, watoto wanaichora daftarini, kengele inalia, wanakwenda kipindi kingine.

Tunaomba tuchange shilingi milioni 45. Kati ya hizo, milioni 18 ni za vifaa vya kuanzia. Milioni 27 ni za kuiendesha karakana kwa miaka mitatu, milioni 9 kila mwaka. Najua wengi mtashangaa kuona fedha za uendeshaji zinazidi za vifaa, kwa hiyo hapo ndipo nitakaa zaidi.

Harambee nyingi tulizozizoea huwa za kujenga. Watu hupenda kuchangia kitu cha kusimama, chenye jiwe la msingi na utepe wa kukata. Tumejenga sana, na matunda yake tunayaona. Lakini mnakumbuka agizo la Rais Kikwete la mwaka 2012, kwamba kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu: fizikia, kemia na biolojia. Muda wa mwisho ulikuwa Novemba 2014, ukasogezwa hadi Juni 2015. Kaya zetu zilichangishwa kila kijiji. Wapo waliotoa mahindi, waliouza kuku, waliobeba mawe na mchanga kwa kichwa. Maboma yakasimama. Kwetu sisi mojawapo ilifika mwisho, ikapigwa rangi, ikafungwa masinki matatu meupe ya kauri. Ukiinama chini ya sinki la kwanza utaona bomba la plastiki limekatwa sentimita chache kutoka ukutani, halijaunganishwa na chochote. Gesi haijawahi kuingia humo. Leo yanatunzwa humo magunia ya mahindi ya chakula cha mchana, na afadhali hivyo, maana watoto wanakula.

Simlaumu aliyejenga. Fedha zilikuwa za kujenga, na jengo likajengwa. Hakukuwa na mfuko wa kununua kemikali mwaka wa pili, wala wa kumlipa fundi bomba, wala mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuuliza. Karakana itakufa kifo hichohicho, tena haraka zaidi, kwa sababu useremala unakula vifaa. Msasa unaisha kwa wiki. Meno ya msumeno yanalika na lazima yanolewe. Gundi hukauka kwenye kopo. Patasi ikigonga msumari uliofichika kwenye mti, ncha imekwenda.

Serikali inatoa nini? Elimu bila ada ilianza Januari 2016 hadi kidato cha nne, na tangu Julai 2022 imefika kidato cha sita. Wengi wetu tuna wadogo zetu ambao wasingekuwa darasani bila hiyo. Ila ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa sekondari ni ile iliyopangwa tangu enzi za MMES, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, shilingi 25,000 kwa mwaka, na ndani yake mna vitabu, mitihani, chaki, ukarabati na kila kitu. Randa moja nzuri ya chuma inaweza kumeza fungu la mwaka mzima la wanafunzi wawili, ikabakia kudai. Mkuu wa shule hawezi kuendesha karakana kwa fedha hiyo hata akiwa na nia njema kiasi gani.

Na haja ya karakana imekuwa kubwa kuliko wakati wetu. Mtaala ulioboreshwa unatenganisha mkondo wa jumla na mkondo wa amali, yaani wa ufundi na stadi za kazi. Shule chache zilianza amali Januari 2024, na Sera ya Elimu na Mafunzo yenyewe, toleo la 2023, ilizinduliwa Februari 2025. Mtoto wa amali anatakiwa atoke kidato cha nne akiwa na fani mkononi. Fani haifundishiki kwa kuchora ubaoni.

Sasa tazameni tulipo. Sisi ni watu wa Mufindi. Shamba la miti la serikali la Sao Hill, kubwa kuliko yote nchini, liko hapa kwetu. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo kiko wilayani kwetu. Nguzo za umeme zinazosimikwa vijijini huko mikoani, nyingi zimeoteshwa na kutiwa dawa hapa. Kila usiku malori yanashuka mlima Kitonga na mbao za paini kwenda Dar es Salaam. Huko zinageuzwa vitanda, makabati, milango na fremu, na mara nyingi fedha ya kugeuza ni kubwa kuliko ya kupasua. Kijana wetu anayebaki nyumbani anapata kibarua cha kupakia. Anapakia mbao mbichi, analipwa kwa siku, mgongo unauma akiwa na miaka 25. Hili linaniuma, na siamini kuna mmoja wenu lisilomuuma.

Kwa hiyo ubia tunaousimamia umegawanywa hivi. Halmashauri ina jengo, ina mwalimu na inalipa mshahara wake. Kiwanda kinatoa mbao zilizokaushwa, mabanzi na vipande vinavyobaki kwenye mashine, na kitampokea mwalimu wetu wiki mbili kila likizo ajifunze ukaushaji na uungaji wa kisasa. Kiwanda pia kimekubali kuwapokea wahitimu wa kwanza kwa majaribio ya kazi, watakapokuwa wametimiza umri. Wazazi, kupitia bodi ya shule, wanaangalia ulinzi na usafi. Sisi wahitimu tunabeba kile ambacho hakuna kati ya hao anayekibeba: vifaa, kunoa, gundi, msasa, umeme wa luku, sanduku la huduma ya kwanza, na posho ya fundi mmoja mzoefu wa kumsaidia mwalimu. Darasa lina watoto zaidi ya arobaini, na mtu mmoja hawezi kuangalia mikono yote hiyo iliyoshika patasi.

Kuna waliouliza kwenye vikao kama huu ubia si njia ya kuiuza shule, au ya kukipatia kiwanda vibarua wa bure. Ni swali la haki na nafurahi liliulizwa mapema. Nchi yetu ina Sheria ya Ubia kati ya Sekta ya Umma na Sekta Binafsi tangu mwaka 2010, iliyolenga zaidi miradi mikubwa kama barabara na bandari. Cha kwetu ni kidogo, kinatoshelezwa na hati ya makubaliano, lakini tumekifunga kwa uangalifu uleule. Hati imesainiwa na Mkurugenzi wa Halmashauri, kwa kuwa mali ya shule ni mali ya halmashauri na mkuu wa shule asingeweza kusaini peke yake. Inasema wazi kwamba kitakachotengenezwa na wanafunzi ni cha shule. Inasema wanafunzi wataingia kiwandani kutazama na kujifunza, wakiwa na mwalimu, na hawatashika mashine kubwa za kupasulia. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kazi za hatari kwa aliye chini ya miaka 18, na tumeiweka sheria hiyo ndani ya hati kwa jina lake. Kiwanda hakina sauti katika mambo ya masomo. Upande wowote unaweza kujitoa kwa taarifa ya miezi sita, na vifaa vyote vinabaki shuleni.

Kiwanda nacho kinapata faida, na sioni sababu ya kuficha. Kinalalamika kila mwaka kwamba hakipati vijana wanaojua kusoma mchoro na kupima kwa usahihi. Kikiwapata hapa jirani, kimepunguza gharama. Ubia ambao upande mmoja haunufaiki hudumu hadi picha ya makabidhiano itakapochapishwa, basi.

Ninaamini kabisa kwamba nguzo ya makubaliano haya ni sisi. Wakurugenzi huhamishwa. Wakuu wa shule huhamishwa. Meneja wa kiwanda leo yupo, kesho yuko kwingine. Sisi hatuhamishwi utu wetu wa shule hii. Tuna wadogo zetu pale na kesho tutakuwa na watoto pale. Tunaweza kumpigia simu Mkurugenzi mpya na kumkumbusha mtangulizi wake alisaini nini. Tunaweza kumwambia meneja mpya kwamba mbao za robo hii hazijafika. Wapo kati yenu madereva wa malori ya mbao, wapo waliofungua maduka ya samani Keko na Buguruni, yupo mkaguzi wa hesabu, wapo wauguzi na walimu. Kila mmoja wa hawa ana kitu ambacho karakana inakihitaji hata kabla hajatoa shilingi.

Tunajua shule kongwe zina umoja wa wahitimu wenye majina makubwa, mawaziri na majaji. Sisi ni wa shule ya kata. Tulisoma tukifundishwa na walimu wa leseni, vijana waliotoka kidato cha sita wakapewa mafunzo ya wiki chache, ambao mtaani waliitwa vodafasta. Baadhi yao walitufundisha kwa moyo ambao hatutausahau. Tulidharauliwa, na mtihani wa kidato cha nne wa 2012 ukatupiga kama ulivyopiga nchi nzima, hadi matokeo yakafutwa na kupangwa upya mwaka uliofuata. Wengi tulifeli. Waliofeli nao ni wahitimu wa shule hii, na katika orodha ya ahadi zilizokwisha kuingia, majina yao ni mengi na hayako nyuma.

Kuhusu fedha. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango iliyokuwa ikiwatesa watoto shuleni, na tunaiheshimu roho ya katazo lile. Hakuna mwanafunzi atakayeulizwa chochote, wala mzazi hatapewa barua. Huu ni mchango wa hiari wa watu wazima waliosoma pale, na tumekwisha kumwandikia Mkurugenzi kumjulisha. Fedha zinaingia akaunti ya umoja wetu yenye watia saini watatu kutoka miaka tofauti ya kuhitimu. Hazipiti mkononi mwa mwalimu yeyote, jambo ambalo walimu wenyewe wamelishukuru. Vifaa vitakabidhiwa kwa hati na kuandikwa kwenye leja ya shule, kila randa kwa namba yake. Kila mwisho wa muhula tutatuma hesabu kwa kila aliyechanga, pamoja na picha za kilichotengenezwa.

Milioni 18 zitanunua meza 20 za useremala zenye jiliwa la kubania mbao, seti za randa, misumeno ya mkono, patasi, nyundo, skwea na futi kamba, mashine ndogo moja ya kuranda itakayotumiwa na mwalimu na fundi tu, miwani ya kinga na barakoa za vumbi kwa kila mtoto. Katika milioni 9 za kila mwaka, 4,200,000 ni posho ya fundi, yaani 350,000 kwa mwezi. Zilizobaki 4,800,000 ni za kunoa, kununua vinavyoisha na kulipia umeme. Kazi ya kwanza ya darasa itakuwa kukarabati madawati mabovu ya shule, yaliyorundikwa nyuma ya bwalo, na hiyo peke yake itaiokolea shule fedha nyingi.

Atakayeweza kutoa shilingi 10,000 kwa mwezi kwa miaka mitatu atakuwa ametoa 360,000. Tukipatikana watu 125 wa namna hiyo, milioni 45 zimetimia. Mwenye uwezo zaidi atoe zaidi, na mwenye 2,000 aandikwe kama wengine. Mwenye msumeno mzima wa baba yake uliolala stoo, tunaupokea. Fundi atakayekuja kufundisha siku mbili akiwa likizo, huyo tutampa chakula na malazi na shukrani za dhati.

Tutakutana shuleni tarehe 27 Desemba, saa 4 asubuhi, wengi wetu tukiwa tumekuja nyumbani kwa Krismasi. Mkurugenzi na mwakilishi wa kiwanda wamealikwa, na hati ya makubaliano itasomwa yote mbele ya watu kabla ya mchango kuanza. Mtakaoshindwa kufika, wasilisheni ahadi zenu kwa mwakilishi wa mwaka wenu kabla ya tarehe 20, ili mweka hazina ajumlishe na vifaa viagizwe mapema, viwepo mezani shule zitakapofunguliwa Januari.