Nimpe mchumba wangu fedha za mahari yangu mwenyewe?

Dada, habari za kazi. Naomba ushauri wako na wa wasomaji wenzangu, maana jambo hili siwezi kulipeleka kwa ndugu.

Mimi ni muuguzi hapa Shinyanga, nina miaka 29. Mchumba wangu ni mwalimu wa sekondari. Barua ya posa ilipokelewa vizuri, mshenga akakaa na wazee, jibu likatoka: ng'ombe 12, mkaja wa mama na blanketi la bibi. Ng'ombe mmoja wamemkadiria shilingi 700,000, na nusu itangulie ndipo tarehe ya ndoa ipangwe. Kilichoniuma ni kwamba baba wakubwa walimwambia mshenga, "Huyu ni muuguzi wa serikali, ana mshahara." Yaani kusoma kwangu ndiko kumempandishia mwenzangu bei.

Yeye si mvivu. Mshahara wake unakatwa asilimia 15 kurejesha mkopo wa chuo, anamsomesha mdogo wake, kinachobaki ni kodi na chakula. Sasa ananishawishi tuanze kuishi pamoja, mahari atamalizia polepole. Sitaki. Dada yangu alianza hivyo, na mpaka leo mumewe akija nyumbani wazee hawampi nafasi ya mkwe.

Nina akiba kwenye Saccos ya kazini, inatosha hiyo nusu. Nilifikiri nimpe kimyakimya, mshenga apeleke kama fedha zake. Nilipomgusia alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Siku tukigombana utanikumbusha kwamba ulijioa mwenyewe." Mimi najua sitamsema kamwe, ila nahofia baba akija kugundua kwamba fedha aliyopokea ilitoka kwa bintiye.

Najua Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa hata kama mahari haijalipwa, na tunaweza kufunga bomani. Lakini baba hajawahi kuniona kama mali ya kuuza. Kwake mahari ni heshima, na sitaki niolewe yeye akiwa amebaki nyumbani na huzuni.

Je, nitoe akiba hiyo? Au nimtume shangazi akamwombe baba wapunguze, ingawa kwetu binti haingilii mazungumzo ya mahari yake? Kama kuna dada aliyewahi kumsaidia mchumba wake namna hii, naomba aniambie ndoa yao ilikwendaje baadaye.

Binti wa Shinyanga