Barua ya wazi kwa wanafunzi wa historia: msimpite peltasti

Wanangu,

Nimesahihisha insha za vita vya Ugiriki ya kale kwa miaka mingi, na karibu zote huanza na kuishia kwa hopliti, yule askari wa ngao nzito anayesonga bega kwa bega na wenzake. Peltasti, yule askari mwepesi, hupewa mstari mmoja. Jina lake limetokana na pelte, ngao nyepesi ya kusuka iliyowambwa ngozi, yenye asili ya Thrace, nchi iliyokuwa kaskazini mwa Ugiriki. Silaha yake ilikuwa mikuki ya kurusha, na hakuwa na mzigo wa shaba mwilini.

Someni habari za Lechaeum, bandari ya Korintho, mwaka 390 KK. Kikosi cha Sparta cha hopliti wapatao 600 kilikuwa kikirejea kambini na kupita karibu na Korintho, kikiwadharau peltasti wa Iphicrates, jemadari wa Athene, kwa maana Wasparta walikuwa wamewacheka washirika wao kuwa wanawaogopa watu hao kama watoto wanavyoogopa zimwi. Mikuki ilipoanza kuwaangukia, vijana wao walitoka mbio kuwafukuza warushaji, nao wakarudi nyuma kabla ya kufikiwa. Wasparta walipogeuka wakiwa wametawanyika, peltasti waligeuka pia, wakawachoma tena. Hata wapanda farasi waliokuja kuwasaidia walikwenda sambamba na hopliti badala ya kuwafukuza adui mpaka mwisho, kosa ambalo Xenophon, mwanahistoria wa zama hizo, hakulificha. Walikufa wapatao 250.

Lakini msije mkageuza wepesi kuwa uchawi. Jemadari Demosthenes wa Athene alishindwa huko Aetolia, magharibi mwa Ugiriki, mwaka 426 KK na watu wepesi wa milimani, ambao mishale ya wapiga upinde wake iliwarudisha nyuma mpaka mkuu wa wapiga upinde hao alipouawa na watu wake wakatawanyika. Mwaka uliofuata, kisiwani Sphacteria, alishusha wapiga upinde 800 na peltasti wasiopungua idadi hiyo, na Wasparta na wenzao 292 wakakamatwa wakiwa hai.

Mmoja wa mateka hao alipoulizwa kwa kejeli kama mashujaa ndio waliokufa, alijibu kwamba mshale ungekuwa na thamani kubwa kama ungeweza kuwatambua mashujaa. Wengi wenu hulinukuu jibu hilo kama hukumu ya haki juu ya silaha za mbali. Nawasihi mtakapolinukuu tena, mtaje kwamba aliyelisema alikuwa amesalimisha ngao yake kwa watu hao hao aliowadharau.

Mwalimu wenu mstaafu