Dirisha la upande wa mwembe

Katuba, Lubumbashi
Oktoba, joto kali

Yaya Léonie,

Jambo kwako, jambo kwa Baba Dieudonné, jambo kwa wajukuu wote wa lupango lako. Huku tuko, Mungu anatushika. Najua umeninunia kwa kimya hiki tangu tulipoachana kwenye matanga ya Mjomba. Usininunie. Kila nilipotaka kupiga simu niliona habari ni ndefu kuliko yuniti, na kwenye simu wewe unasema "pole, pole" kabla mtu hajafika katikati, halafu tunahamia kwenye bei ya unga. Mtoto wa Ya Crispin anapanda gari la Likasi kesho alfajiri. Nimewasha taa ya betri, watoto wamelala, nikuandikie yote.

Nyumba haina paa. Upande wa vyumba vya kulala, nataka kusema. Sebule bado ina mabati yake na humo ndimo tunalala sote, mimi, Béatrice, wanawe, masufuria na kabati la Mama lililokataa kupita mlangoni mpaka likavuliwa miguu. Ni mchwa, Yaya. Masoni alipanda kuziba tundu moja juu ya chumba changu, akakanyaga ubao, ukakatika kama mkate mkavu. Tulipofungua pengine ikawa hivyo hivyo: nje ubao mzima, ndani unga mtupu. Sharpanti yote, mbao zote za paa, ikashuka. Kuta ziko salama. Zile tofali Baba alizofyatua kwa udongo wa kichuguu alipoongeza chumba, unazikumbuka? Masoni aligonga moja kwa nyundo ikalia, akaniambia Mama, tofali za namna hii leo unazitafuta. Nilisimama pale na vumbi lote lile nikaona fahari kwa ajili ya Baba. Mbao mpya tumezipaka oili chafu ya magari ili mchwa wasirudi. Harufu yake ilinifukuza, nikaenda kulala kwa Mama Gisèle.

Sasa tansiyo, presha ya damu. Nimeitanguliza nyumba makusudi, usije ukaanza kulia kabla ya kusoma. Sikuwa naumwa popote. Nilimpeleka Trésor wa Béatrice kituo cha afya kwa homa, na tulipokuwa tunangoja majibu ya damu yake nesi akanifunga mkono na mashine, basi tu kwa sababu alinikuta nimekaa. Akapima, akanyamaza, akapima mkono wa pili. 18 kwa 11, yaani 180 kwa 110. Akaniuliza kama kichwa kinauma, kama naona giza, kama kifua kinabana. Hapana, hapana, hapana. Mtoto alikuwa na malaria, amepona zamani, anaruka juu ya lundo la mchanga. Mimi ndiye niliyebaki na karatasi ya kumwona daktari.

Daktari ni mama kijana, mpole, anaeleza mpaka unaelewa. Alisema ugonjwa huu haupigi kelele, unaweza kuishi nao miaka huku unakula moyo, figo na mishipa ya kichwa, kwa hiyo dawa ni ya kila siku, hata siku ninapojisikia mzima. Alinipa amlodipini. Baada ya muda miguu ikavimba, viatu vya kanisani vikakataa. Hapo ndipo niliogopa kweli. Nilijua ni figo. Sikumwambia Béatrice, nilikuwa nafunika miguu kwa kitenge. Daktari akanipeleka kwenye vipimo vya damu, figo ziko sawa, akanieleza kwamba dawa hiyo yenyewe inaweza kuvimbisha miguu. Akapunguza dozi, akaongeza kidonge kingine. Sasa vifundo vya miguu vimerudi, viatu vinaingia.

Lakini Yaya, wewe unajua nilikuwa nafikiri nini usiku. Ulimwona Ma Julienne.

Chumvi daktari ameikata. Kijiko cha chai kwa siku nzima, na kisizidi, pamoja na ile iliyofichwa kwenye mikate na kube za mchuzi. Makayabu, samaki wetu wa chumvi, kwaheri. Nimejaribu kuyaloweka usiku kucha na kubadilisha maji, bado yana chumvi yao. Sombe, majani ya muhogo, naipika sasa na karanga nyingi, kitunguu, pilipili na ndimu mwishoni, na nakuambia bila kukubembeleza, ni tamu. Béatrice wiki ya kwanza alikula uso umekunjwa. Sasa anaomba nyongeza. Embe bichi ndilo linaloniuma, maana mwembe umejaa na wewe unajua embe bichi bila chumvi ni nini. Nalila na pilipili tu. Linapita.

Nesi alinifundisha kupima mwenyewe, na Patrick akanitumia mashine kutoka Kolwezi. Unakaa kwanza kama dakika 5 bila kuzungumza, mgongo umeegemea, miguu yote miwili chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Hizo dakika, Yaya! Nyumba hii yenye masoni, wasaidizi wake, kuku wa jirani na watoto wa Béatrice, saa kumi na mbili asubuhi wote wananyamaza kwa sababu Trésor ameamuru. Ana miaka tisa. Yeye ndiye anayeandika namba kwenye kaye yake ya zamani ya hesabu, kwa wino mwekundu, na tarehe. Upande wa pili wa kaye hiyo hiyo masoni anaandika vitu vya kununua. Basi siku moja fundi wa mbao akachukua kaye, akaona 15 kwa 9, akaenda moja kwa moja kwa wapasua mbao kuagiza boriti za 15 kwa 9. Walimwuliza ni nyumba ya nani inayotaka magogo ya namna hiyo. Alirudi ana hasira, tukamweleza, akakaa juu ya mfuko wa sementi akacheka mpaka machozi. Tangu hapo kila asubuhi anauliza, "Mama, leo boriti ni ngapi?" Jana nilimjibu 14 kwa 8 na nusu. Alipiga makofi, na wasaidizi nao wakapiga.

Watu hawa wananifurahisha, acha niseme. Wanakuja jua halijatoka sawasawa. Masoni anaimba nyimbo za kanisa kwa Kiluba, msaidizi wake mmoja anaitikia kwa Kibemba, na sauti zinakubaliana. Nawapa chai na vitumbua, nakaa nao kwenye tofali. Zamani saa ile nilikuwa nafagia nikiwaza deni la shule. Na jioni, wakishaondoka, nachukua kiti naingia chumbani kwangu kusiko na paa. Kuta nne na mbingu. Trésor ananiletea maji, tunakaa tunangoja nyota. Wewe uliwahi kukaa katika chumba chako mwenyewe ukaona mwezi unapita juu ya mahali pa kitanda? Mama Gisèle anasema nitapata kikohozi. Huyo ndiye anayenitembeza nusu saa kila jioni kama daktari alivyotaka, na Jumapili baada ya misa tunashuka mjini kuangalia mijakaranda, barabara zimefunikwa maua. Hatununui kitu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Dirisha.

Unakijua chumba changu. Nyumba hizi za Katuba walizojenga kabla ya 1960 zina madirisha madogo, na Baba alipoongeza chumba akafuata mtindo. Kidirisha kile kiko juu, kinapitisha hewa, basi. Ukilala huoni mti wala mtu. Nataka ukuta wa mashariki uvunjwe, upande wa mwembe, niweke dirisha kubwa, kizingiti chini kabisa, usawa wa godoro. Ukiwa kitandani unaona mwembe, na nyuma ya mwembe njia, na kwenye njia watu wanaokwenda soko la Kenya.

Wote wanakataa. Patrick anapiga simu: Mama, paa kwanza, choo cha pili, ukuta wa lupango, dirisha mwaka kesho. Béatrice anasema wezi. Nimemwambia nitaweka vyuma. Mama Gisèle yuko upande wangu Jumatatu na upande wao Jumanne. Lakini sikiliza hoja yangu, maana nimeifikiria. Kuvunja ukuta unaobeba paa ni hatari na ni gharama. Sasa ukuta huo haujabeba chochote. Ni wakati huu masoni anaweza kukata nafasi na kumwaga linto, boriti ya juu ya dirisha, bila hofu. Mwaka kesho tutashikilia paa zima kwa miti ili kufanya kazi ile ile. Masoni mwenyewe alikubali. Tuligombana tu juu ya linto, alitaka kutumia mbao mbili. Mbao tena? Katika nyumba ambayo mchwa wanaijua njia? Nimesema zege, vyuma vinne na ringi zake, ipite dirisha kwa sentimita 20 kila upande ili ikalie ukuta vizuri, na imwagiwe maji isikauke haraka. Miti ya kuishikilia itabaki chini yake hata paa likishapanda. Mvua za Novemba haziko mbali. Wiki iliyopita ilianguka ya kwanza usiku, tukakimbia na bashi na mabeseni, majirani wakaruka ukuta kuja kutusaidia, na tulipomaliza hakuna aliyetaka kurudi kulala. Tuliwasha mbabula tukachoma mahindi, wote tumelowa.

Hiyo ni hoja niliyowapa watoto. Nyingine nakupa wewe peke yako. Ulipokuja kumwona Ma Julienne ulikaa dakika chache, hukuona vizuri kilichokuwa mbele yake. Mimi nilikwenda mara nyingi. Upande mmoja wa mwili umekufa, maneno hayatoki, na kitanda walikielekeza ukutani kwa sababu ndivyo chumba kilivyoruhusu. Ukuta wa kijani. Alikuwa akiugeukia mlango kwa macho tu kila mtu akipita. Walimtunza vizuri, siwalaumu, walimwosha, walimlisha. Lakini miezi ile yote hakuona mti. Nikiwa pale nilisema moyoni, mimi, kama siku hiyo itakuja, nataka kuona watu wanaokwenda sokoni. Na kama haitakuja, na daktari anasema nikinywa dawa vizuri ina sababu nyingi za kutokuja, basi nitaamka kila asubuhi na mwembe mbele yangu nikiwa mzima. Nawezaje kumwambia Béatrice hivyo? Ataanza kunitazama usiku kama bado napumua. Kwa hiyo nabishana naye juu ya zege.

Ndiyo maana nakuandikia. Ile chasi ya chuma, fremu ya dirisha, uliyoitoa sebuleni mlipoweka aluminiamu, bado iko nyuma ya banda la kuku? Ile pana, yenye vioo vingi. Kwa mchomeleaji huku nimeuliza, bei ya mpya inakula mabati yangu yote. Nitainunua, usiniambie habari ya kunipa bure, una wajukuu wa kusomesha. Kama kutu imeila chini si kitu, atakata na kuunga. Vioo vikiwa vimevunjika viache huko huko. Ninachohitaji haraka kuliko chasi yenyewe ni vipimo vyake, kimo na upana, kwa sentimita, nje kwa nje, kwa sababu masoni hawezi kukata ukuta kwa kukisia na siwezi kumzuia zaidi ya wiki hii. Mwombe Baba Dieudonné apime, wewe unazungusha utepe. Nitumie ujumbe wa simu hata usiku. Chasi itafuata kwenye gari la mizigo, Ya Crispin anamjua dereva.

Na ninyi? Goti lako limekubali ile dawa ya kupaka au bado unashuka ngazi kwa upande? Baba Dieudonné amepimwa tansiyo lini mara ya mwisho? Nisikilize hapa: yeye anapenda makayabu kuliko mimi, na hajisikii vibaya, kama mimi nilivyokuwa sijisikii vibaya. Mpeleke. Na wewe mwenyewe upimwe siku hiyo hiyo, unaniahidi? Nadège amejifungua? Ni nani aliyechukua nyumba ya marehemu Mjomba, maana huku nasikia majina matatu tofauti? Ule ugomvi wa kwaya umeisha, au bado mnaimba Jumapili mbili mbili? Utakuja lini? Njoo Desemba, uyoga wa vichuguu utakuwa umejaa barabarani, ule mkubwa unaotosha sufuria peke yake, nitakupikia, na paa litakuwa limefungwa, utalala chumbani kwangu.

Nawasalimia wote. Trésor alisema kabla ya kulala niandike kwamba leo ni 14 kwa 9.

Mdogo wako,
Mama Béatrice

Kijana anayekuletea barua hii hatasema kama ana njaa, amelelewa hivyo. Mpe bukari kabla hajaondoka.