Dash Akol hakuwa mwoga

Ndugu Mhariri,

Kila filamu ya Dash Akol inapozungumziwa, hakosi mtu wa kusema kwamba yule bwana alikuwa mwoga: anaogopwa na mji mzima wa Shiraz, kule Iran, halafu anashindwa kumwambia msichana kuwa anampenda. Naomba nafasi nimtetee.

Filamu hiyo ilitengenezwa Iran mwaka 1971 na Masoud Kimiai, kutokana na hadithi fupi ya mwandishi wa Iran, Sadegh Hedayat, iliyotoka mwaka 1932. Dash Akol ni mbabe wa mtaani, ila mbabe wa zile enzi za kulinda wanyonge, na hasimu yake ni Kaka Rostam anayewaonea. Haji Samad anafariki na kuacha wasia kwamba Dash Akol ndiye asimamie mali na familia yake. Hakuulizwa kama anataka, na wasia wa maiti haukataliki. Anapofika nyumbani kwa marehemu pazia linasogea, binti wa Haji, Marjan, anachungulia, macho yanakutana, pazia linashuka. Basi. Tangu hapo hana usingizi, na anayesikia siri yake ni kasuku wake peke yake.

Wanaosema angeposa tu wanasahau yeye ni nani katika nyumba ile. Ndiye mwenye hesabu, ndiye anayetegemewa na mjane na watoto. Angeposa, nani angethubutu kumwambia hapana? Posa ya wasii kwa yatima aliye mikononi mwake ni amri. Na katika hadithi binti mwenyewe ana miaka 14! Kunyamaza ndiyo njia pekee aliyoiona ya kutokula amana.

Kwa miaka saba anatunza mali ile. Anatokea mchumba, mzee kuliko yeye na mwenye sura mbaya kuliko yake, na Dash Akol mwenyewe ndiye anayeandaa harusi. Kisha anawaita wakubwa wa mji na kukabidhi hesabu mbele yao. Msomaji anayeijua Suratun Nisaa, aya ya 6, inayoagiza mashahidi wakati wa kuwarudishia yatima mali zao, ataona uzito wa tendo hilo. Nimeshuhudia mirathi ikiliwa na watu wanaoswali safu ya mbele, na ndiyo maana mlevi huyu wa Shiraz ananigusa.

Katika hadithi Dash Akol ana makovu yaliyomharibu uso, na huyatazama kwenye kioo akijiambia labda binti hatampenda. Kimiai amempa nafasi hiyo mwigizaji Behrouz Vossoughi, na huyo hata umpake makovu gani bado anapendeza. Wapo wanaoona hilo ni kosa. Mimi naona limeisaidia filamu, kwa sababu kisingizio cha sura kinaondoka na kinachobaki kumzuia ni ahadi tu.

Lawama yangu kwa watu wa nyumba ile ni nyingine. Marjan hakuulizwa na mtu yeyote, si alipopata msimamizi, si alipopata mume. Mapenzi yale anayasikia kinywani mwa kasuku, wakati Dash Akol ameshakufa kwa mkono wa Kaka Rostam. Heshima ya wanaume wale ilijengwa juu ya ukimya wake pia, na atakayeisifu filamu bila kulitaja hilo atakuwa ameitazama nusu.

Ombi langu kwako ni dogo. Ukurasa wako wa sanaa umejaa filamu za Marekani na India. Tupeni makala za sinema ya Iran ya miaka ile, na wenye ujuzi wa kuweka maandishi ya Kiswahili chini ya picha waanze na hii. Pwani yetu ina watu wanaojiita Washirazi. Wana haki ya kuiona Shiraz ya Hedayat kwa lugha yao.

Msomaji wako,
Tanga