Risala ya Wafanyakazi wa Kampuni ya Vipodozi na Dawa Asilia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Uzinduzi wa Jengo Jipya la Uzalishaji

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkurugenzi wetu na wajumbe wa Bodi,
Wakulima mnaotuuzia malighafi,
Wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Kwa niaba ya wafanyakazi wenzangu, nakukaribisha kwa mikono miwili. Tunajua una majukumu mengi, na tumefurahi sana kwamba umeyaweka kando ili uje kuufungua mlango huu pamoja nasi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Kampuni hii ilianza na marhamu ya aina moja tu. Maua ya kalendula yalikaushwa kivulini, yakalowekwa kwenye mafuta ya alizeti ndani ya mitungi ya kioo kwa wiki nne, yakikorogwa kila asubuhi kwa mwiko wa mbao. Kisha yalichujwa kwa kitambaa, na mafuta yake yakachanganywa na nta ya nyuki iliyoyeyushwa. Waliokuwapo wanakumbuka jinsi viganja vyao vilivyobaki na rangi ya manjano hata baada ya kunawa. Siku hizo wafanyakazi wote walitosha kwenye benchi moja. Leo tumeujaza ukumbi huu, na bidhaa zetu ni krimu, losheni, sabuni, mafuta ya nywele na dawa za mitishamba.

Kilichotukuza ni cheti cha kilimo hai, yaani kilimo kisichotumia mbolea na dawa za kemikali za viwandani, na tungependa ujue kazi iliyo nyuma yake. Mkaguzi wa mara ya kwanza hakuuliza habari za harufu wala ulaini wa krimu. Alichukua kopo moja rafuni, akasoma namba ya bechi, yaani ya mkupuo ule wa uzalishaji, akasema: nionyesheni shamba. Tukafungua daftari la kuchanganya, tukaenda kwenye daftari la stoo, tukatoa risiti ya mzigo, kisha cheti cha mkulima na ramani ya shamba lake. Ilituchukua karibu siku nzima, na jasho lilitutoka kwa sababu ukurasa mmoja ulikuwa umejazwa kwa penseli. Tangu siku ile hapa hatuandiki kwa penseli.

Wateja wengine hulalamika wakiona losheni yenye cheti imeandikwa asilimia 20 na kitu tu ya viungo hai, yaani vya kilimo hai. Wanadhani wameibiwa. Sehemu kubwa ya losheni ni maji, na maji hayalimwi, kwa hiyo hayawezi kuhesabiwa kuwa hai. Kiwango cha COSMOS, cha vipodozi vya asili na vya kilimo hai, kinachotumika katika nchi nyingi, kinataka angalau asilimia 95 ya viungo vya mimea vilivyokamuliwa, kusagwa au kukaushwa tu viwe vya kilimo hai, na angalau asilimia 20 ya bidhaa nzima. Kwa bidhaa za kuoshwa, kama shampuu, ni asilimia 10. Tunaona ni haki ya mteja kuelezwa hivyo waziwazi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Tumekosea pia, na kosa moja lilituuma sana. Tulipoanza kutengeneza krimu tuliona fahari kuuza krimu isiyo na kihifadhi chochote, yaani kiungo cha kuizuia isiharibike. Mama mmoja alirudisha kopo lake. Chini ya kifuniko palikuwa na vidoa vyeusi, vidogo kama vichwa vya pini. Alikuwa akimpaka mtoto. Tuliirudisha bechi yote na kuiteketeza. Penye maji, bakteria na kuvu hupata makazi, hata viungo vingekuwa hai kiasi gani. Sasa tunatumia vihifadhi vichache vinavyoruhusiwa na kiwango, kama sodiamu benzoeti na potasiamu sobeti, na kila krimu mpya hupelekwa maabara, ikatiwa vijidudu makusudi na kufuatiliwa kwa siku 28 kabla haijauzwa.

Kwenye dawa za mitishamba tahadhari ni kubwa zaidi. Mmea uitwao St John's wort, ambao watu huutumia kwa huzuni, hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na ya baadhi ya dawa za kuzuia damu kuganda. Ndiyo maana muuzaji wetu humuuliza mteja kwanza anatumia dawa gani. Mauzo mengine hupotea hapo, na tumekubali yapotee.

Changamoto yetu kubwa ni kwamba oda zinakua haraka kuliko mashamba. Kilo moja ya mafuta ya waridi huhitaji tani tatu au zaidi za petali, zilizochumwa kwa mkono alfajiri. Na shamba lililozoea kemikali haligeuki kuwa hai kwa msimu mmoja. Kwa kanuni za Marekani ni miaka 3, na Ulaya ni miaka 2 kwa mazao ya msimu na 3 kwa ya kudumu. Muda wote huo, tunaouita miaka ya mpito, mkulima analima kwa gharama za kilimo hai bila kuruhusiwa kuuza kwa jina hilo. Uhaba huo huleta wajanja. Tuliwahi kuuziwa mafuta ya lavenda yaliyoongezwa harufu ya kiwandani. Pua ya fundi wetu mkongwe ndiyo iliyoshtuka kwanza, maabara ikathibitisha baadaye, na oda kubwa ikachelewa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Tunayo maombi mawili. La kwanza, utusaidie kuzungumza na taasisi za fedha ili wakulima hawa wapate mikopo inayoanza kulipwa baada ya miaka ya mpito. Sisi kwa upande wetu tumekubaliana na uongozi kununua mazao yao ya mpito kwa bei ya makubaliano, kwa ajili ya bidhaa zisizobeba nembo ya cheti. La pili, tunaomba utuunge mkono tupate mashine yetu wenyewe ya kupima usafi wa mafuta, ili mzigo usisubiri wiki kadhaa kwenye maabara za wengine. Chumba chake kimeshatengwa upande wa kushoto wa jengo, na utakiona ukipita. Bado ni kitupu.

Tunakushukuru kwa kutusikiliza, na tunamshukuru Mkurugenzi kwa kuturuhusu kusema haya yote bila kuyapunguza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.