Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Wakunga

Ndugu wanachama,

Semina, ziara za kliniki na uchaguzi wa kamati ndogo vilifanyika kama ilivyopangwa. Muhtasari mnao, sitavirudia.

Nakuja kwenye lililoleta maneno: uamuzi wa kamati kutumia fedha za sherehe ya mwaka kuchapisha kadi ya maswali ya hudhurio la kwanza la kliniki ya wajawazito, ili mama aliye hatarini kupata kifafa cha mimba, yaani presha ya mimba inayoweza kuishia kwenye degedege, apelekwe kwa daktari mapema na kuanzishiwa aspirini ya dozi ndogo.

Wapo waliosema aspirini italeta kutokwa damu, mjamzito asiisogelee. Ndugu zangu, hii si dozi ya kutuliza maumivu. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza miligramu 75 kwa siku tangu 2011, kwa wenye hatari kubwa, ianze kabla ya wiki 20. Utafiti wa ASPRE wa 2017 ulitumia miligramu 150 kila usiku, kuanzia wiki ya 11 hadi 14 mpaka wiki ya 36. Waliougua na kujifungua kabla ya wiki 37 walikuwa 1.6% kwa waliomeza aspirini, 4.3% kwa waliomeza vidonge visivyo na dawa. Vidonda vya tumbo na mzio vimo kwenye kadi kama tahadhari. Kipengele hicho nilikiandika mwenyewe.

Wengine walitaka tungoje presha ipande. Ikifika 140/90 baada ya wiki 20, hitilafu ya kondo la nyuma imeshaanza zamani, na aspirini haishushi presha. Swali ni la mwanzo: mimba iliyopita ilikuwa na tatizo hili? Ana presha ya siku nyingi, kisukari, ugonjwa wa figo, mapacha? Ndiyo moja tu, apelekwe.

Nimelaumiwa kwamba niliamua peke yangu. Mkutano uliitishwa mara mbili, akidi haikutimia. Mama wa wiki 14 angetusubiri hadi lini?

Wanachama 140, waliolipa ada 61, waliohudhuria mkutano wa pili 23. Inasikitisha kwamba wanaolalamikia matumizi ya fedha wengi wao hawakuzichangia.

Mwakani, hali ikiruhusu, tunatumaini kupanua mafunzo na kupata mashine zaidi za kupimia presha. Kadi zilizobaki ziko kwa katibu, kila mmoja achukue za kituo chake leo.

Mwenyekiti